Simu Iwe Simu, Kibao Kiwe Kibao

Mmeniomba niwaandikie mawaidha ya kazi kwa sababu nimestaafu na, kama mlivyosema kwa adabu, nina muda. Sina muda. Nina kuku, nina wajukuu, na nina goti linalonisumbua kila mvua ikikaribia. Lakini ningewaandikia kwa moyo safi kama msingemalizia barua yenu na lile swali. Eti kwa nini nyinyi wahudumu wa afya wa nyumbani mlazimishwe kubeba simu mbili, ya kazi na ya kwenu, wakati programu ya kazi inaweza kuwekwa kwenye hiyo hiyo mnayopigia picha za chapati.

Nimeulizwa swali hilo na wakubwa waliovaa tai. Nimeulizwa na mjukuu wangu, anayeniita Susu, nyanya kwa Kikamba, na kunionea huruma kana kwamba nilizaliwa kabla ya moto. Sasa nyinyi. Haya, jibu ninalo: bebeni mbili. Mkitaka kujua sababu, someni hadi mwisho, na msinirukie kurasa kama mnavyoruka meseji ndefu.

Mimi nilitembelea wagonjwa manyumbani, Kibera na Kawangware, mpaka nikastaafu. Watu waliniita Mama Mwende. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi, wanameza dawa kila siku, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hawaruki. Unaingia, unasalimia, unauliza usiku ulikuwaje, unaangalia vidonge vilivyobaki, unaandika, unaenda mlango mwingine. Zamani tuliandika kwenye makaratasi. Kisha mradi ukatuletea kompyuta ndogo za kushika mkononi, zenye kioo na kalamu ya plastiki isiyo na wino. Tuliziita vibao.

Kibao hakikuwa simu, na hapo ndipo utamu wake ulipokuwa. Hakikupiga wala kupokea. Kiliandika na kunyamaza. Jioni unakipeleka ofisini kwetu, kando ya Nyayo Highrise, kinamwaga yote kwenye kompyuta kubwa. Simu nayo ilikuwa ile ndogo yenye tochi, mulika mwizi, ambayo ukiichaji Jumapili kwa kinyozi mwenye umeme unaisahau karibu wiki nzima. Ikianguka mtaroni unaikung'uta na kuendelea kuongea. Zenu zikianguka kitandani zinapasuka.

Kalamu ya kibao ilipotea kila mara. Nilitumia njiti ya kiberiti, ikavunjikia kwenye kioo. Nilitumia pini ya nywele, kioo kikachubuka na nikaitwa ofisini kujieleza. Mwishowe niligundua kwamba kifuniko cha biro, ile ncha yake ndefu, kinaandika vizuri kuliko kalamu yenyewe. Nilipowaonyesha wenzangu, kila mtu akaanza kutembea na kifuniko bila biro, na makarani wa ofisi wakawa wanalalamika kwamba biro zao zote zimekauka.

Aliyenifunza kazi ni Sista Kamene, muuguzi wa siku nyingi ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Mtu wa kwetu Kitui, mfupi, mkali, asiyependa kurudia neno. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kibao hakitolewi mlangoni. Unaketi kwanza. Unapewa chai au unanyimwa, lakini unaketi. Unaongea habari za watoto na bei ya mkaa, mpaka mwenyewe akuulize, "Na leo huandiki?" Hapo ndipo unakitoa.

Mwenzangu Awuor aliidharau sheria hiyo siku yake ya kwanza huko Mashimoni, Kibera. Awuor alikuwa mkazi wa Gatwekera, huko huko Kibera, alijiita nyar nam, binti wa ziwa, na sauti yake ilifika kwa mgonjwa kabla yake. Alisimama katikati ya kichochoro, akachomoa kibao, akaanza kuangalia milango na kuandika. Mnajua wapangaji walifikiri nini? Walifikiri nyumba zinahesabiwa zibomolewe. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja akaanza kutoa godoro. Mzee fulani akaja mbio na fulana tu, akitumaini fidia, akamshika Awuor mkono: "Madam, andika mimi niko na rooms nne hapa, na hizo za jirani pia ni zangu." Jirani akatoka kumkatalia, na ugomvi wa vyumba ukaendelea mpaka chifu akaitwa. Mgonjwa tuliyemwendea alikuwa amejifungia ndani na hakufungua hadi wiki iliyofuata.

Sheria ya pili ndiyo inayohusu swali lenu, kwa hivyo acheni kuguna. Sista Kamene alisema: mtaani kwetu nambari ya simu si mtu. Simu ni ya ploti nzima, wapangaji wote wa geti moja. Ya baba inabaki na mama, ya mama inashikwa na mtoto, jirani akiwa na msiba anaazima apige nyumbani, na kumnyima mtu simu ya kupiga nyumbani ni kama kumnyima maji ya kunywa. Awuor aliwahi kumwazima jirani yake simu asubuhi, ikarudi mchana ikiwa na laini ya mtu mwingine, na mwenye laini hiyo alikuwa ameshasafiri kwenda Kisumu.

Kwa hivyo huwezi kupiga nambari ya mgonjwa ukauliza, "Umemeza dawa?" Utakuwa umemwuliza shemeji yake. Tulikuwa na namna yetu. Ukipiga, unauliza, "Kuku wametaga?" Akijibu, "Wametaga," basi dawa imemezwa. Akisema, "Bado wanazubaa," unajua kuna shida, unafunga safari. Akijibu mtu mwingine, "Kuku gani? We ni nani?" unaomba radhi kwamba umekosea nambari. Na kwenye simu yako mgonjwa haandikwi kwa jina lake. Ni Mboga Mashimoni, ni Fundi Kiatu, ni Samaki Stage. Kibao kilijua ugonjwa lakini hakikujua nambari. Simu ilijua nambari lakini haikujua ugonjwa. Ukiibiwa kimoja, mwizi hapati kitu.

Basi, katikati ya mpango huo uliotulia, mwaka ule wa uchaguzi, wakaja watu wa mradi na mashine mpya ya majaribio. Simu na kompyuta ndani ya kitu kimoja. Ilikuwa na kioo kipana, vitufe vidogo vya herufi zote, na programu iliyotuma ukumbusho wa dawa yenyewe kwa yenyewe. Unaandika nambari ya mgonjwa kwenye fomu yake, na saa ya dawa ikifika, mashine inamtumia meseji bila wewe kugusa kitu. Walikuwa na moja tu ya kujaribia, wakatuuliza ni nani ataichukua.

Awuor aliishika kabla hawajamaliza sentensi.

"Mimi nimechoka kubeba vitu mbili," akasema. "Chaja mbili, wasiwasi mbili, na sidiria ni moja. Nitaficha wapi?"

"Ficha simu kifuani, kibao kiwe kwenye kikapu chini ya sukuma wiki," nikamwambia. "Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Mama Mwende, mshika mbili moja humponyoka."

"Na mtaka yote hukosa yote."

"Sikiza," akasema, akanisogezea ile mashine usoni. "Hata dawa zenyewe. Zamani mgonjwa alikuwa anameza tatu tofauti, anasahau moja, anachanganya. Si wameunganisha zote kwa kidonge moja? Kuna mtu alilia? Kama dawa inaunganishwa, simu ni nani?"

Ilinikera. Sista Kamene akatuambia tunyamaze, akampa Awuor mashine, akaniacha na vitu vyangu viwili, na akasema tutaona. Mpaka leo mimi na Awuor tunabishana jambo hili. Yeye yuko kwao ziwani, mimi niko hapa Kawangware, na tunabishana kwa simu mpaka kredi inaisha, halafu yeye ananipigia amalizie sentensi yake.

Wiki chache za kwanza Awuor alinitesa. Alikuwa anapita na mashine yake shingoni kwa kamba, akiniuliza kama bado ninaandika kwa kifuniko cha biro. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kasoro. Ukiwa unaongea nayo huwezi kuona fomu. Ukiwa kwenye fomu, simu ikiingia, fomu inatoweka na ulichoandika kinatoweka nayo. Na chaji yake haikufika jioni. Alikuwa mteja wa kudumu wa kinyozi, akikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na mitaa ikawaka.

Sitawaeleza yote. Wengine wenu mlikuwa watoto na mlibebwa mgongoni siku hizo, na wengine wazazi wenu hawajawahi kuwaambia na wana sababu zao. Nitasema tu kwamba Kibera ilifungika, Kawangware nayo ikagawanyika kona kwa kona, maduka yakafungwa, na kadi ya kukwaruza ya kredi ikawa adimu kuliko nyama. Mimi nilikuwa nimekwama Kawangware, nyumbani kwangu. Awuor alikuwa amekwama Gatwekera. Ofisi ilikuwa na kufuli. Nilikaa ndani nikiwaza wagonjwa wetu mmoja mmoja, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Simu yangu ikalia asubuhi moja. Alikuwa Awuor, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananong'ona.

"Mama Mwende, hii kitu imenimaliza."

Alikuwa na mgonjwa anayeitwa Nafula. Jina hilo si lake, na majina mengine mtakayosoma hapa si yao. Kisa nimekiandika kwa ruhusa yao. Nafula alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, anayewafulia watu nguo pale Nyayo Highrise. Safu ya nyumba zao ilichomwa. Akatoka na mtoto mgongoni na leso mkononi, dawa zikabaki ndani, akakimbilia Kawangware kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, aitwaye Barasa. Barasa na mkewe Nekesa walimpokea kwenye chumba chao kimoja. Hawakujua habari ya virusi. Nafula alikuwa na hakika kwamba siku wakijua, atakuwa barabarani na mtoto, na barabarani siku zile mnajua kulikuwa na nini.

Siku kadhaa zikapita bila dawa. Nafula akaazima simu ya Barasa, akampigia Awuor, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kuku wamebaki kule kwenye moto. Awuor akaelewa. Na kwa kuwa Awuor ni mfanyakazi mzuri, sitaki mtu aseme vinginevyo, akafanya alivyofundishwa: mgonjwa akihama, badilisha nambari kwenye fomu. Akaandika nambari ya Barasa.

"Na asubuhi hii," Awuor akasema, "nimeangalia, imetuma meseji. Yenyewe. Kwa simu ya shemeji."

Niliketi kitandani. "Imesema nini?"

"Ngoja nikate nisome, siwezi kuona nikiongea."

"Usikate!"

Akakata. Nilikaa nikiitazama simu yangu na kuitukana mashine ambayo sikuwa nayo. Kredi yangu ilikuwa ya kupiga mara moja tu, nikaihifadhi. Akapiga tena.

"Imesema, 'Saa ya dawa imefika. Usiruke.' Haijataja jina."

"Afadhali. Inatuma tena lini?"

"Jioni. Asubuhi na jioni, kila siku."

"Izuie."

"Nimejaribu. Inataka kibali ya ofisi, na ofisi imefungwa. Nikiizima, nikija kuiwasha inatuma zote zilizobaki pamoja."

Mnaona? Mashine mbili zingekuwa na akili kuliko hiyo moja. Nikamwambia atoe laini ndani yake. Toa laini, itabaki kompyuta tu, haitaweza kutuma kitu.

"Nikitoa laini sitakupata tena," akasema. "Sina simu ingine ya kuiweka. Ile yangu ya zamani nilimpatia jirani."

"Toa. Niambie kwanza huyo Barasa anaishi wapi."

Akanieleza: Gatina, hapa hapa Kawangware, ukipita mahali pa kuchota maji, ploti yenye geti la buluu lisilo na kitasa. Kisha akasema, "Chunga, Mama Mwende," na laini ikatoka. Nilipojaribu baadaye kidogo, alikuwa mteja hapatikani.

Nikavaa. Kibao nilikifungia sandukuni, kwa maana siku zile ukikutwa na kitu kinachoandika majumba ya watu hutapewa nafasi ya kueleza. Nikabeba mulika mwizi na kikapu chenye nyanya tatu za kuzugia.

Vijana walikuwa wameweka mawe na tairi barabarani. Mmoja, mwenye kofia ya sufu, akaninyooshea mkono.

"Sasa mathe. Lete ID."

Nikampa. Akasoma jina. "Mkamba. Nyinyi mko side gani?"

"Mimi naenda kwa mgonjwa."

"Si hiyo nimeuliza. Leta simu."

Akaanza kuipekua. Walikuwa wanatafuta meseji za uchochezi, na wakikosa hizo wanatafuta majina. Nilisimama nikiomba. Akasoma kwa sauti, "Mboga Mashimoni. Mboga Stage. Mboga Laini Saba. Fundi Kiatu. Fundi Kiatu Mbili." Akaniangalia. "Mathe, kwani wewe hula mboga aje?"

"Daktari alinikataza nyama."

Wenzake wakacheka. Fikirieni kama ningekuwa na ile mashine ya Awuor, yenye jina, nyumba, ugonjwa na nambari kwenye kioo kimoja. Angesoma nini kwa sauti pale barabarani? Nilidhani atanirudishia, lakini akasogea kando na kugeuza mgongo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko na kredo? Nataka kupigia mathangu huko ushago. Hajui kama niko."

Sasa mnataka nifanye nini? Ilikuwa kredi ya kupiga mara moja. Lakini nimewaambia, simu ya kupiga nyumbani hainyimwi. Akaongea na mama yake mpaka kredi ikakatika, akajipangusa uso na ile kofia, akanirudishia simu bila kuniangalia, akawaambia wenzake waniachie nipite.

Niliona geti la buluu. Barasa hakuwepo. Wanaume wa ploti walikuwa nyuma wakilinda ukuta, na simu yake alikuwa amemwachia mkewe isije ikanyakuliwa. Nekesa alifungua mlango kidogo. Nikasema mimi ni rafiki wa Nafula wa kanisani, nimempigia simu sijampata, nimekuja kumjulia hali. Akasema Nafula ameenda kuchota maji. Nilikuwa nimepanga kuiomba ile simu kwa hila fulani, niifute meseji kabla Barasa hajaiona, kisha nimpeleke Nafula kituo cha afya kitakachofunguliwa kwanza.

Lakini niliposema neno simu, uso wa Nekesa ulibadilika. Akanivuta ndani kwa mkono, akafunga mlango, akachomoa simu kifuani.

"Ni nyinyi mmetuma hii?"

Nikaitazama ile meseji.

"Wewe ni wa kliniki. Naona vile umekaa," akasema, machozi yakimtoka. "Mliniapia. Nilikuja kwenu peke yangu, nikawaambia bwana yangu hajui, mkaniambia hakuna siku mtaandika kwa simu yake. Kama leo asubuhi angekuwa ameshika hii simu yeye? Mngekuwa mmenifanyia nini?"

Nilichelewa kuelewa. Nekesa alikuwa anameza dawa. Kliniki nyingine, si yetu, lakini dawa ni zile zile na siri ni ile ile. Alikuwa amedhani meseji ni yake. Wanawake wawili walikuwa wanalala kwenye chumba kimoja, mmoja anamaliza siku bila dawa kwa kuogopa mwenyeji, na mwenyeji anameza zake kwa kujificha akimwogopa mumewe na mgeni.

Na mimi nilikuwa nimesimama katikati, na mdomo wangu si wangu. Nikimwambia Nekesa meseji si yake, nimemwambia ni ya Nafula, kwa maana nani mwingine yuko humo ndani? Nikinyamaza, atabaki na hofu, na pengine atakimbia kliniki yake asirudi tena. Sista Kamene hakuwa amenifunza lolote la mahali kama hapo. Niliichukia ile mashine kwa moyo wangu wote. Niliwachukia walioitengeneza, na Awuor aliyeipenda, na serikali, na wapinzani, na kila mtu aliyewahi kuniambia kwamba vitu viwili vikiwa kimoja maisha yanakuwa rahisi. Nikasema tu, "Keti kwanza, mama. Keti."

Mlango ukafunguka. Nafula aliingia na mtungi wa maji begani. Alinijua, kwa maana tuliwahi kuonana ofisini. Akaniona mimi, akaona ile meseji ikiwaka kwenye simu mkononi mwa Nekesa, akaona Nekesa analia. Niliona akielewa vibaya, na sikuweza kumzuia. Akatua mtungi chini polepole.

"Ni yangu, dada," akasema. "Hiyo meseji ni yangu. Nimekuwa na hii kitu tangu ndugu ya Barasa alipokufa. Vyombo vyenu nimekuwa nikiosha vizuri. Usimwambie shemeji. Nipatie tu hadi kesho nitafute mahali ya kupeleka mtoto, nitaondoka."

Alimtazama Nafula, akanitazama mimi, kisha akafunga mlango kwa komeo. Akaenda kwenye kona ya jiko, akashusha mkebe wa unga, akauzamisha mkono wake mpaka kiwiko. Akatoa chupa nyeupe iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Akaifungua nailoni, unga ukadondoka miguuni, akaiweka ile chupa mezani kando ya simu.

Nafula aliisoma. Kisha akaketi sakafuni pale pale alipokuwa.

Sasa nyinyi vijana, kugawana dawa ni marufuku. Nimewafundisha wengi hivyo, na nikisikia mmoja wenu ameruhusu nitakuja na goti langu hili kumtafuta. Lakini siku ile nilikigeuza kile kidonge kwenye kiganja changu, nikasoma maandishi yake, nikaona ni kile kile alichokuwa akimeza Nafula, na mimi ndiye niliyemimina maji kikombeni.

Nekesa alimshikia kikombe. Akamwambia, "Meza. Zinatosha sisi wawili mpaka njia ifunguke." Nafula akameza, halafu kilio kikamshika kwa nguvu, na Nekesa naye, na nitasema ukweli, mimi pia. Tulikuwa tunalia hivyo watu wazima watatu, mtoto wa Nafula akitutazama kutoka kitandani, wakati Barasa alipogonga mlango.

Meseji ikafutwa, chupa ikarudi kwenye unga. Komeo likafunguliwa. Barasa akasimama mlangoni, rungu mkononi, akatuangalia mmoja mmoja. Siku zile kila mlango ulikuwa unapokea habari, na hakuna aliyezoea. Aliegemeza rungu ukutani, akavua kofia.

"Ni nani?" akauliza taratibu. "Ni nani amekufa?"

Nekesa alijipangusa uso kwa leso, akamshika Nafula mkono.

"Hakuna," akamjibu mumewe. "Hapa hakuna aliyekufa."